Chokaa ya Skuli ya Sewa Haji

Mwanangu, juzi uliniuliza kwa nini sisi wazee wa Bagamoyo tunaihangaikia nyumba ya shule, nyumba ambayo hakulala mfalme wala haikupiganiwa vita, na hali mji una Boma, una magofu ya Kaole, una misheni iliyoupokea mwili wa Livingstone mwaka 1874. Nilikujibu mbiombio kwa sababu wageni walikuwa mlangoni na kahawa ilikuwa jikoni. Jibu lile halikuniridhisha mimi mwenyewe, sembuse wewe. Basi vuta mkeka ukae, maana habari yenyewe ina mawe, ina watoto na ina chokaa, na chokaa ndiyo itakayotuchukua muda.

Mimi nikiikumbuka nyumba hiyo, Shule ya Mwambao, huanza kwa pua. Ukuta wa matumbawe ukilowa umande wa usiku hutoa harufu ya chumvi iliyochanganyika na kitu kama unga uliolala sana ndani ya gunia, na harufu hiyo ndiyo iliyotupokea kila alfajiri kabla hatujakanyaga kizingiti. Juu yake weka mkojo wa popo waliojibanza darini, mafuta ya nazi kwenye vichwa vyetu arobaini na zaidi, wino wa bluu ulioingia kwenye mbao za madawati ukakataa kutoka, na upepo wa baharini ukigeuka, harufu ya ng'onda na papa waliotandazwa pwani kukauka. Nimeishi Dar es Salaam, nimeishi Tabora, nimelala kwenye nyumba za kila namna. Lakini nikipita karibu na ukuta mkongwe wa chokaa saa kumi na mbili asubuhi, hurudi kuwa mtoto wa darasa la kwanza anayetafuta pa kuketi.

Nilipelekwa Januari 1963, na aliyenipeleka ni bibi, kwa sababu baba alikuwa kwenye mashamba ya chumvi kule Nunge na hakuwa akirudi mpaka Alhamisi jioni. Bibi alininunulia kaptura ya kaki Mtaa wa India kwa shilingi nne baada ya kubishana na mwenye duka kwa muda wa kutosha kupika wali. Daftari lilikuwa senti thelathini, penseli senti kumi, na kashata ya nazi pale nje ya shule senti tano. Sarafu za siku zile, zile ndogo, zilikuwa na tundu katikati. Bibi alizitunga mbili kwenye uzi akanivisha shingoni chini ya shati, akanionya kwamba uzi ukikatika nisirudi nyumbani kulia bali nirudi nilikotoka nikazitafute. Tukapita Dunda, tukaukuta mlango. Nyumba ile ina ghorofa, na kwa mtoto aliyezoea kuta za udongo na paa la makuti ilikuwa kama mlima uliotobolewa madirisha. Nilipanda kwenye dirisha moja la chini nikaketi ndani ya unene wa ukuta, mgongo upande huu, na nyayo zangu hazikugusa upande wa pili. Ndivyo nilivyoupima ukuta ule siku ya kwanza, kwa miguu, na vipimo hivyo sijavisahau.

Bibi alisema "skuli" maana asili yake ni Unguja, na babu alisema "shule". Wakibishana juu ya neno hilo, babu ndiye aliyekuwa akishinda, kwa kuwa neno la "shule" ni la Wadachi na yeye Wadachi alikuwa amewaona kwa macho. Alisoma kwenye nyumba ileile akiwa na umri wa miaka kumi hivi, kabla ya vita vya kwanza. Uzeeni bado alikuwa akihesabu nazi kwa Kijerumani, ains, zwai, drai, akizitupa mbilimbili kwenye kapu, na ukimkatiza alianza upya kutoka ains. Barua kwa rafiki zake aliziandika kwa herufi za Kiarabu, zile alizofundishwa chuoni. Barua kwa serikali aliziandika kwa herufi za Kirumi, alizofundishwa shuleni, na mkono wake wa pili ulikuwa mkakamavu kuliko wa kwanza, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Wadachi walihitaji makarani, walihitaji maakida na watu wa kuandika orodha za kodi, na badala ya kuwafundisha watoto lugha yao tu wakafundisha kwa Kiswahili. Ndiyo maana karani wa pwani alipopelekwa bara alikwenda na lugha hii mdomoni na kalamu mkononi. Babu yeye hakufika mbali, aliishia forodhani hapahapa, akiandika majahazi yaingiayo na yatokayo. Alikuwa na hela moja ya shaba aliyoihifadhi ndani ya kopo la tumbaku, hela ya kweli ya Kijerumani, ambazo mia zake zilikuwa rupia moja. Sisi tunasema "sina hela" kila siku. Yeye alikuwa nayo.

Ni babu aliyenieleza nyumba ilivyopatikana. Aliyeitoa ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi, Mwismailia, wa ukoo uliotoka Kachchh. Alizaliwa 1851, akakulia katika biashara ya misafara, na kazi yake ilikuwa kumpatia msafiri kila kitu cha kumfikisha bara: amerikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, na zaidi ya vyote wapagazi. Stanley alipokuja 1871 kumtafuta Livingstone, sehemu ya wapagazi wake alitafutiwa na Sewa Haji huyohuyo, kijana wa miaka ishirini tu. Misafara ikirudi ilirudi na pembe za ndovu, na faida ikabaki hapa mwambao. Miaka ya 1890, akiwa tajiri, akaanza kutoa. Dar es Salaam alitoa hospitali. Bagamoyo alitoa nyumba ya shule, nyumba ya mwaka 1896, akaikabidhi kwa serikali ya Kijerumani kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa kila kabila na kila rangi. Mwaka uliofuata akafariki huko Unguja, hajafika hata miaka hamsini.

Babu hakumfanya malaika, nami sitaki umfanye. Alinambia hivi, akiwa anatengeneza mshipi barazani: "Mnyamwezi alibeba frasila mbili begani kutoka Tabora mpaka hapa, miezi mitatu, na mwingine hakufika. Jiwe la shule yenu limelipiwa na bega lile." Siku ile nilikuwa na miaka tisa, na niliyaona maneno yale kama maneno ya wazee. Baadaye nilipokuwa mwalimu huko Tabora kwenyewe, nikafundisha wajukuu wa wapagazi wale, nilikuwa nikiliona bega kila nilipomtazama mtoto akiingia na begi lake la vitabu. Fedha ya misafara ilijenga mengi kwenye pwani hii, na mengi yake yalikuwa maghala, nyumba za kuishi na makaburi ya kifahari. Hapa ilijenga mlango, na kwenye mlango ikaandikiwa sharti kwamba asizuiwe mtu. Hilo ndilo ninalotaka ulishike unapoutazama ukuta ule.

Sharti hilo lenyewe lilipata misukosuko. Waingereza walipoishika Tanganyika waliigawa elimu mafungu matatu: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, kila fungu na fedha zake, na fungu letu ndilo lililokuwa kubwa kwa watoto na dogo kwa fedha. Mambo yalikwenda hivyo mpaka tukapata Uhuru, Desemba 1961, na Januari 1962 migawanyo hiyo ikafutwa kisheria. Mimi niliingia mwaka mmoja tu baadaye. Kwa hiyo nilipokuta kwenye dawati langu mtoto wa mwenye duka wa Mtaa wa India, sikujua kwamba ni jambo. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Alikuwa mtoto mwembamba, masikio makubwa, nywele zimelazwa kwa maji mpaka zinang'aa, na alikuja kila siku na kikopo cha bati chenye bajia na achari ya ndimu. Mimi nilikuja na kashata, au kiazi kitamu kilichochomwa kikafungwa kwenye jani la mgomba. Tulibadilishana chini ya dawati wakati wa hesabu, na harufu ya ile achari ilitusaliti zaidi ya mara moja. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa Ufipa, mrefu, mkimya, mwenye alama ya kovu juu ya nyusi. Alichofanya ni kutusimamisha wote wawili, kutuuliza hesabu ileile, na kumchapa yule aliyekosea. Kwa fimbo yake sote tulikuwa sawasawa.

Miaka ilipita juu yetu na mambo makubwa yakipita nje. Januari 1964 zilifika habari za mapinduzi ya Unguja, na bibi akakaa siku tatu upenuni akitazama baharini kwa sababu dada yake alikuwa Ng'ambo. Wiki iliyofuata tukasikia askari wameasi Dar es Salaam. Walimu walikusanyika kwenye redio ya mmoja wao, sisi tukaachiwa uwanja tucheze mpira wa matambara mpaka tukachoka, na Aprili tukaambiwa kwamba tumeungana. Mwaka 1966 sarafu zenye tundu zikaondoka, zikaja zetu wenyewe: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, sumuni yenye sungura, na shilingi yenye mwenge upande mmoja na uso wa Mwalimu upande wa pili. Tulizipenda, lakini bibi alilalamika kwamba pesa isiyotungika kwenye uzi ni pesa ya kupotea tu.

Sasa tufike kwenye chokaa. Mwaka 1967 nilikuwa darasa la tano, nimepita kwenye chujio la mtihani wa darasa la nne lililowaacha wenzangu wengi nje. Februari ilitoka Azimio la Arusha, na Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Shule nyingi zilifungua mashamba ya mihogo na pamba, nasi tulikuwa na bustani yetu. Lakini masika ya mwaka ule yalikuwa yamebambua lipu ya ukuta wa nyuma, vipande vikubwa kama mikate ya ajemi vikianguka uani, na mawe yakabaki uchi. Mwalimu mkuu akaona kujitegemea kwetu kuanzie hapo. Akamwita mjomba wangu, kaka wa mama, fundi wa chokaa aliyejifunza kazi hiyo kwa babaye, wakapatana shilingi saba kwa siku. Vibarua tuwe sisi.

Mjomba alikuwa mtu mfupi, mapaja mafupi, macho mekundu ya moshi wa miaka mingi. Viganja vyake vilikuwa vyeupe vya kudumu na kucha zimeliwa na chokaa zikabaki nusu. Alisema kidogo na alirudia alichosema. Kwanza alitupeleka pwani maji yalipokupwa wakati wa bamvua, akatuonyesha matumbawe ya kuokota, yale yaliyokwisha kutupwa na bahari, akatukataza kuyabomoa yaliyo hai. Tukabeba kwa vikapu, kwa makarai, kwa mabega, wavulana na wasichana, yule rafiki yangu wa masikio makubwa naye akiwa na shati jeupe lililoacha kuwa jeupe saa ileile. Juma zima tulibeba. Kisha yakaja magogo ya minazi mikongwe na vipande vya mikoko. Mjomba akayapanga kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati ameacha tundu la kupenyezea moto, na juu yake akapandisha matumbawe yaliyovunjwavunjwa mpaka ikawa kama kichuguu kinachozidi kimo cha mtu mzima. Hakuwasha siku hiyo wala ya pili. Alingoja upepo. Siku ya tatu, baada ya magharibi, akalowesha kidole, akakiinua, akasema, "Sasa," na akatia moto.

Sijaona tena moto wa namna ile. Uliwaka kwa ndani kwanza, kimya, halafu ukaanza kuguna, na mawe yakawa mekundu kama makaa, kisha ya manjano, kisha meupe mpaka macho yanauma. Nusu ya mji ilikuja kutazama. Wauza kahawa walikuja na birika zao na kugonga vikombe, na kikombe bado kilikuwa senti tano. Asubuhi kichuguu kilikuwa kimekaa chini, kimekuwa lundo la mawe mepesi yenye rangi ya mfupa. Ukiliokota moja unadhani umeokota mkate mkavu. Mjomba akatusogeza nyuma, akatuamuru tufunge macho akimwaga maji, akamwaga. Mwanangu, jiwe lilipiga kelele. Lilichemka bila moto, mvuke ukapanda, likapasuka, likawa unga, unga ukawa uji. Tukauingiza kwenye shimo, tukalifunika kwa makuti na mchanga, na mjomba akamwambia mwalimu mkuu, "Miezi sita." Mwalimu mkuu alidhani amesikia vibaya, kwani alitaka ukuta uwe tayari kabla ya sherehe za Saba Saba za mwaka uleule, nazo zilikuwa wiki moja mbele. "Miezi sita," mjomba akarudia. "Chokaa isiyolala hupasuka ukutani." Saba Saba ikapita na ukuta uko uchi.

Shimo lilifunguliwa Januari. Ile chokaa ilikuwa imegeuka kuwa kama siagi, laini, baridi, haina chembe, ukiikata kwa mwiko inabaki na alama ya mwiko. Mjomba alichanganya na mchanga wa mtoni uliochekechwa, kamwe si wa baharini kwa sababu ya chumvi yake, na udongo mwekundu kidogo. Kabla ya kubandika chochote alichukua kumbi la nazi lililopondwa likawa kama burashi, akalitia ndani ya ndoo, akaunyunyizia ukuta maji. Maji yaliingia kwa sauti ndogo, kama mtoto anayenyonya. Akanyunyiza tena, na tena, mpaka ukuta ukaacha kunywa. "Usipounywesha," alisema, "utakunywa maji ya chokaa yako, na chokaa yako itakuwa vumbi." Halafu akatupa pande la kwanza kwa mwiko, likashika, akalisukuma kwa ubapa, akatupa la pili. Kila mtoto alipewa kipande kama cha upana wa kanga, aanze na amalize mwenyewe. Changu kilikuwa chini ya dirisha la pili kutoka pembeni, cha rafiki yangu ndicho kilichofuata, na mahali vipande viwili vinapokutana mjomba alitusisitiza tusiache mshono, tuingizane. Siku kumi zilizofuata tulikuwa zamu kwa zamu tukiunyeshea ukuta asubuhi na jioni na kuufunika kwa makuti mchana ili jua lisiukaushe upesi. Nimefundisha miaka thelathini na mitatu, na sijui somo ambalo watoto walilifuata kwa utulivu kama lile.

Mji wenyewe ulikuwa ukizidi kupungua. Ulianza kupungua zamani, tangu Wadachi walipohamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891 na baadaye kuianzishia reli hukohuko, kwa sababu maji yetu ni ya kina kifupi na meli kubwa haziwezi kusogea. Wakati wetu barabara ya Dar es Salaam ilikuwa mchanga na matope, na masika yakikaza tuliachwa peke yetu na majahazi yetu. Kisha Aprili 1971 serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Sababu zake nazijua, nami nilikuwa kijana wa vijana wa TANU nikazitetea kwa sauti. Lakini nazijua pia kufuli zilizoanza kuonekana Mtaa wa India, moja mwezi huu, mbili mwezi ujao, kwa watu waliokuwa na nyumba za kutwaliwa na kwa waliokuwa na woga tu. Rafiki yangu aliondoka na wazazi wake 1972. Alikuja kuniaga akiwa amevaa koti la sufu kwenye joto la Novemba, kwa sababu halikuenea kwenye sanduku. Tukapeana mkono. Ameishi Kanada tangu hapo, na tunaandikiana.

Wazee wa chokaa nao walikufa bila wanafunzi, saruji ikawa rahisi kupatikana, na hapo ndipo nyumba yetu sisi wenyewe ilipopata msiba wake. Unaijua nyumba ya nyuma, ile aliyoirithi mama yako mkubwa. Mwaka 1994 tulimlipa fundi mmoja, na jina lake halina haja hapa, akaipiga kuta zote lipu ya saruji. Ilipendeza, ikawa kijivu na laini kama kichwa kilichonyolewa, nasi tukajisifu. Saruji haina kosa ikiwekwa kwa jamaa zake, matofali ya saruji na nondo. Lakini ukuta wa matumbawe unapumua. Maji hupanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi, hufika kwenye chokaa, hutoka nje taratibu, na chumvi inabaki juu juu ambapo utaikwangua na kupaka upya. Ukiufunga kwa saruji maji hayana pa kutokea. Yanabaki ndani, chumvi inakua ndani ya jiwe, na jiwe linageuka unga huku uso wa nje ukikuchekea. Zikaja mvua za El Nino za 1997 hadi 1998, na usiku mmoja ukuta wa magharibi ukakaa chini wote kwa mara moja. Ashukuriwe Mungu, hapakuwa na mtu aliyelala chumba kile. Asubuhi niliyashika mawe yake, yakamomonyoka mkononi kama kashata iliyolowa. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilijifunza siku ile kwamba ufa ukizibwa kwa kitu kisicho cha ukoo wake, ukuta utajengwa vilevile.

Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha njia kuu ya zamani ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya UNESCO, na Bagamoyo ndio mwisho wake, pale njia inapoiona bahari. Ni haki. Minyororo na pembe havina budi kukumbukwa. Lakini wageni wanapoletwa huonyeshwa vituo vya misafara, wakaonyeshwa mahali Wadachi waliponyongea watu, wakala samaki wakaondoka, na mara nyingi shule hupitwa kwa gari kwa sababu ndani kuna watoto wanaoimba jedwali na hakuna cha kupiga picha. Mimi naona wamepitwa na kitu. Miaka michache nyuma nilimuuguza shangazi yako Muhimbili, akalazwa wodi ya Sewahaji. Siku ya tatu nikamuuliza nesi, binti mmoja mchangamfu wa Kigoma mwenye mwanya, kama anajua Sewahaji ni nani. Akafikiri ni jina la daktari wa zamani. Nikamweleza pale kando ya kitanda, juu ya hospitali ya kwanza, juu ya shule na sharti lake, juu ya wapagazi. Aliacha kalamu. Akaniambia babu wa babu yake alikuwa akitembea na misafara mpaka pwani, kwao inasimuliwa, lakini hakuna aliyejua aliletewa nini huko alikofika. Nikamwambia akipata likizo aje, nitampeleka akakione kipande cha chini ya dirisha la pili.

Kile kipande chetu nilikigusa tena nilipostaafu. Ukitazama kwa karibu sana, karibu na pua, utaona kwenye lipu vipande vidogo vya kombe ambavyo moto haukuvimaliza, vyeupe kuliko chokaa yenyewe. Nilitafuta mshono kati ya kipande changu na cha rafiki yangu, nikapapasa kwa kidole kutoka juu mpaka chini, sikuupata. Nikamwandikia hivyo.

Ukuta wa magharibi wa nyumba ya nyuma tumeshaukwangua saruji yote iliyobaki, na mawe tumeyapanga upya mpaka usawa wa kifua. Nimepata kijana wa Magomeni anayetaka kujifunza, nikamfundisha niliyoyakumbuka kwa mjomba, tukachoma tanuri dogo mwezi wa saba, chini ya mwembe, kwa mawe ya kifusi. Gunia la kuni limetugharimu zaidi ya nilivyotegemea. Chokaa imelala shimoni, imefunikwa kwa makuti na mchanga, na kijana ananiuliza kila Ijumaa kama imeiva. Tutalifungua mwezi wa kwanza, shule zikiwa bado zimefungwa. Uje na wanao, na mje na karai.